Supachaja, daino na pistoni ya tatu

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Nina Altezza ya gia za mkono, mashine ya 3S-GE, miaka minne haijanisumbua. Fundi wa hapa Mjini alinifungia supachaja (pampu ya kusukuma hewa ndani ya mashine), busti, yaani shinikizo inaloliongeza, 8 psi. Pistoni, nozeli (za kunyunyizia petroli) na pampu ya petroli ni zile zile za kiwandani. Niliendesha wiki tatu, hata Nungwi nilifika nikarudi. Kisha nikaivusha Dar es Salaam ikapangwe kwenye daino, ile mashine ya rola ya kupimia nguvu za gari. Raundi ya tano, kwenye mizunguko kama 5,800 kwa dakika, ikalia kama kokoto ndani ya kopo, moshi ukatoka hadi kwenye tundu la dipstiki, kijiti cha kupimia oili. Kompresheni (shinikizo ndani ya silinda) sasa hivi silinda ya 1, 2 na 4 ni kama 190 psi kila moja, ya 3 ni 60. Karatasi ya daino inaonesha mchanganyiko wa hewa kwa petroli wa 11.8 kwenye mizunguko 4,000, na 13.9 pale ilipokufa. Fundi wa daino anasema mashine ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Aliyefunga anasema daino ndiyo iliyoiua. Nimdai nani?
— Msomaji, Kiembesamaki

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Pole sana, maana mashine ya namna hiyo haiokotwi njiani. Umefanya jambo moja la maana mno: umehifadhi ile karatasi. Wanaobishana waache wabishane, wewe shika hizo namba mbili, 11.8 na 13.9. Mashine yako ilikuwa ikikosa petroli kila mizunguko ilipopanda, na daino imeliandika hilo.

Petroli huungua ikamalizika pale hewa inapokuwa gramu 14.7 kwa gramu 1 ya petroli. Lakini mashine yenye busti hatuipi kipimo hicho. Tunaizidishia petroli mpaka 11.5 au 12, kwa sababu ile ziada hupoza chumba cha moto. Kwenye 4,000 ulikuwa salama. Kwenye 5,800, na busti juu, 13.9 ni mchanganyiko mkavu, petroli ni kidogo mno. Joto likapanda, petroli ikalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na hizo ndizo kokoto ulizozisikia. Kila kokoto moja ni nyundo juu ya pistoni.

Na pistoni zako hazikuumbwa kwa nyundo hiyo. 3S-GE ya gia za mkono ina uwiano wa mgandamizo, yaani kiasi ambacho pistoni huibana hewa, wa 11.5 kwa 1. Toyota wenyewe walipoiwekea supachaja mashine yao ya 4A miaka ya 1980, ile 4A-GZE, waliushusha uwiano hadi 8 kwa 1 na kutia pistoni zilizofuliwa kwa kupondwa, ambazo ni imara zaidi. Busti ya 8 psi huifanya hewa iingie kwa shinikizo la kama mara 1.5 ya kawaida. Kwa hesabu ya haraka ya gereji, 8 yao inakuwa kama 12, na 11.5 yako inapita 17. Tena supachaja huichemsha hewa: hewa ya nyuzi 30 ya kwetu inaweza kutoka humo ikikaribia 100 kama hakuna kipoza hewa (intakula) mbele yake, cha kupoza hewa kabla haijaingia kwenye mashine. Hukunitajia kipoza hewa, na hilo limenitia wasiwasi.

Sasa kwa nini Nungwi ulifika salama? Kwa sababu barabara zetu hazikupi nafasi. Ukikanyaga hadi mwisho, sekunde mbili tatu tu unakutana na daladala, baiskeli au tuta, unaachia. Daino haiachii. Inaibana mashine kwenye gia moja kutoka mizunguko 2,000 hadi juu kabisa, sekunde kumi au zaidi, raundi baada ya raundi, gari imesimama na upepo wake ni ule wa feni tu. Kasoro ambayo barabarani ingejificha miezi, pale hujitokeza siku ile ile. Kwa hiyo anayesema daino ndiyo muuaji, mimi simkubalii.

Petroli ilipungua wapi? Anza na nozeli. Ukitaka nguvu za farasi 280 kwa mashine ya silinda nne yenye busti, kila nozeli inatakiwa itoe kama cc 550 kwa dakika, ili isifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake. Nozeli za kiwandani zilipigiwa hesabu ya mashine isiyo na busti. Kisha pampu. Shinikizo la petroli linatakiwa lipande sambamba na busti. Lisipopanda, busti inasukumana na petroli kwenye mdomo wa nozeli, na unapoteza kama asilimia 9 ya petroli wakati ule ule unaoihitaji zaidi.

Jambo la tatu ni la kwetu sisi watu wa pwani, na mafundi wengi hulisahau: chumvi. Nimewahi kupima gari ya Jambiani, betri ilikuwa na volti 13.9, na kwenye pampu zilifika 11.2 tu. Kiunganishi cha waya kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Pampu yenye volti pungufu huzunguka pole pole, na mwenye gari hajui mpaka siku ya mzigo. Pima volti za pampu yako mashine ikivuta, usipime ikiwa imetulia.

Kuhusu kumdai. Neno la kwamba mashine ilikuwa mbovu silioni: silinda tatu zilizolingana kwenye 190 si za mashine iliyochoka. Mzigo mkubwa ni wa aliyefunga busti 8 juu ya uwiano wa 11.5 na kuacha nozeli na pampu ndogo. Lakini fundi wa daino naye haponi. Muombe kumbukumbu za raundi ya tatu na ya nne. Kama pale juu mchanganyiko ulishavuka 12.5 na yeye akaendelea hadi ya tano, aliiona hatari na hakuachia mguu. Muulize pia alipima kompresheni kabla ya kuipandisha kwenye rola? Fundi makini hupima na kuandika.

Usikubali mtu aifungue wewe haupo. Kabla ya kuvua chochote, mwambie atie hewa ya kompresa kwenye silinda ya 3. Ikitokea tundu la kutilia oili ni ringi au pistoni, ikitokea eksozi ni valvu, ikitoa mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Kwa moshi ule wa dipstiki, mimi natarajia ya kwanza. Plagi ya 3 itazame kwa kioo cha kukuzia: chembe ndogo zinazong'ara ni aluminiamu ya pistoni. Pistoni ikitoka, angalia ukuta ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Ukiwa umekatika vipande na juu ya pistoni hakukuyeyuka, hizo ni kokoto. Ukikuta tundu limeyeyuka katikati, niandikie tena, maana hapo tutazungumzia joto la plagi na taimingi, yaani wakati plagi inapopiga moto. Piga picha kila kitu, na vipande vitie kwenye mfuko uende navyo nyumbani.