Usivuke Busia na gari ya mtu kabla karatasi hazijakamilika ukiwa bado Kisumu

Hapana, hapana, hapana. Hiyo "tutajipanga tukifika Busia" uliyoandika ndio imefanya niache kazi nikae chini nijibu. Umesema uko Kisumu, unataka kupeleka bibi na watoto Jinja, kule Uganda, likizo ya Agosti, gari ni Probox ya shemeji yako, pesa ni kidogo, na unauliza njia, hoteli ya bei nafuu na mahali pa kutembeza watoto. Halafu chini kabisa ukaweka kwamba ajenti wa bima amekuambia stika ya Kenya inatambuliwa Afrika Mashariki yote, na kitu kikipungua kuna vijana pale mpakani wa kusaidia. Ndugu yangu, mimi niliambiwa maneno hayo hayo, na ajenti aliyekuwa anatabasamu akiandika risiti.

Sikia vile ilienda. Gari ilikuwa ya binamu yangu. Tukatoka Kisumu mapema, Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala, barabara safi na watoto wanaimba, tukafika Busia kabla jua halijakuwa kali. Sasa ujue kitu kimoja kuhusu Busia, tangu kile kituo cha pamoja kifunguliwe rasmi 2018, ukitoka Kenya hushughulikiwi upande wetu, unaendesha unavuka, halafu uhamiaji wa nchi zote mbili unawapata upande wa Uganda. Kwa hivyo saa ile unaulizwa "kadi ya njano iko wapi?", yaani bima ya gari ya kuvukia mpaka, tayari magurudumu yako Uganda na watoto wanataka choo. Hapo ndipo alitokea kijana na faili la bluu kwapani, Kiswahili kitamu, salamu mingi, akaniita mzee wangu, akasema hiyo ni kitu ya dakika kumi. Nikatoa pesa. Akarudi na kadi ya njano kabisa, ina muhuri, ina nambari ya gari, ina majina ya nchi yamepangwa vizuri, ukiiangalia hivi huna shaka.

Mbele ya Bugiri trafiki akatusimamisha. Mtu mpole, alisalimia hadi watoto. Akaichukua ile kadi, akaisoma polepole na kidole, akasema fungua boneti. Akainama akalinganisha nambari ya chasisi. Tarakimu tatu za mwisho kwa kadi zilikuwa za gari nyingine kabisa! Akapiga simu, akarudi akaniambia hiyo kadi haijulikani. Swali la pili, gari ni ya nani? Ya binamu. Barua ya binamu iko wapi? Hakuna, kwa sababu ajenti alisema familia ni familia. Gari ikapelekwa kituoni ikalala huko na sisi tukalala lojing ya karibu, watoto wanakula rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, asubuhi, mchana na jioni, mpaka binamu akafunga duka lake akapanda basi akaja mwenyewe na logibuku, kile kitabu cha umiliki wa gari, na barua. Faini, lojing, kadi mpya ya ukweli, nauli ya binamu, pesa ya boti ya watoto yote iliishia hapo. Tukageuza. Jinja tuliisoma tu kwa kibao cha barabarani.

Nilimpigia yule ajenti nikiwa nimesimama nje ya kituo. Unajua alisema nini? "Pole, jaribu kuongea nao vizuri." Halafu akazima simu. Mtu amekula komisheni yako, amekutuma na watoto nchi ya watu bila bima, ingekuwa nimegonga mtu huko ningeuza shamba, na yeye anakwambia pole! Watu wa aina hii wananikasirisha kuliko yule kijana wa faili la bluu. Yule kijana hujamjua, ajenti ni mtu unamlipa kila mwaka.

Sasa sheria ni moja tu na ishike: usinunue karatasi yoyote kutoka kwa mtu amesimama barabarani. Kila kitu kitoke Kisumu.

Stika yako ya Kenya inaishia mpakani. Huko inafanya kazi Yellow Card ya COMESA, ile jumuiya ya soko la Mashariki na Kusini mwa Afrika, na ndiyo hiyo kadi ya njano, hiyo ndiyo inalipa ukiumiza mtu au kuharibu mali yake, na inagusa pia matibabu ya dharura ya walio ndani ya gari. Inatolewa na kampuni ile ile iliyokupa bima ya hapa kwa sababu inapandishwa juu ya bima yako, haisimami peke yake. Kwa hivyo angalia, kama shemeji analipa ile bima ya mwezi mwezi na mwezi unaisha mkiwa Jinja, na kadi nayo imekufa. Nenda ofisini, usipitie ajenti, na kabla hujatoka mlangoni linganisha herufi na tarakimu zote za chasisi na logibuku, halafu hakikisha Uganda haijakatwa kwenye orodha ya nchi.

Ya pili ni barua ya shemeji, anakuruhusu kuvuka na hilo gari, tarehe ya kwenda na kurudi, nambari ya kitambulisho chako, ipigwe muhuri na wakili, na nakala ya logibuku na kitambulisho chake. Na muulize kama gari iko na mkopo! Kama jina la benki liko kwa logibuku, barua ya shemeji peke yake haitoshi, benki nayo iandike, na benki haiandiki siku moja. Watoto wabebe vyeti vya kuzaliwa na wachukuliwe vibali vya kusafiria mapema. Nyinyi wakubwa kitambulisho cha taifa kinatosha, hiyo ni tangu 2014. Kadi ya homa ya manjano pia wekeni kwa mfuko.

Njia basi ni hiyo ya Busia, halafu Bugiri, Iganga, Jinja. Malaba, ule mpaka mwingine, utapanga foleni na malori bure. Pesa badilisha ndani ya benki au duka la kubadilisha pesa, shilingi yetu moja inakupa zaidi ya 25 za kwao kwa hivyo usichanganyikiwe na sufuri nyingi. Na mtu akikwambia uende maporomoko ya Bujagali usitafute, yalifunikwa na maji ya bwawa yapata 2011. Wapeleke watoto chanzo cha Nile, boti mnapatana bei kabla ya kupanda.

Hoteli wengine hapa watakwambia, mimi bado niko kwa hiyo barua. Shemeji anaishi wapi? Kama yuko Nairobi mpigie leo jioni, kwa sababu likizo ikianza ofisi za bima zinajaa, na ukiwekwa hadi Ijumaa saa kumi ndipo utaanza kumtafuta mtu wa faili la bluu.