Maswali yenu ya mvua: dembo, ramani na mhuri

*Papa, nimeuziwa parseli (kiwanja) komini ya Annexe, hapa Lubumbashi, pembeni ya dembo, bonde la majimaji. Muuzaji amenionyesha ramani, haina maji hata kidogo. Nimalize kulipa?*

Mama, uliangalia mwaka wa hiyo ramani? Kopi ya kopi, imechorwa wakati fasi ile ilikuwa nyasi na vichuguu, haikusaidii kitu. Tangu hapo watu wamebomoa vichuguu kufyatua matofali, wamemwaga kifusi, wamesimamisha kuta za parseli katikati ya njia ya maji. Tena dembo halijai kwa mvua ya juu peke yake. Kufika Februari na Machi udongo umeshiba, maji yanapanda kutoka chini, na sakafu inalowa siku ya jua kali. Usimalize kulipa. Na usiniletee karatasi ya shefu wa kimila: kwa sheria ya 1973 ardhi ni ya Serikali. Hata setifika yenyewe, hati ya Serikali, inataja mwenye parseli, haitaji maji yanapita wapi.

*Kurekebisha ramani ya mafuriko ni kazi ya nani: Kinshasa, mkoa ao komini?*

Ya wote, na kila mmoja anamngoja mwenzake. Katiba ya 2006, kifungu cha 203, inaweka upangaji wa ardhi kati ya mambo ambayo Serikali kuu na mikoa wanachangia. Ramani ziko na Institut Géographique du Congo, hali ya hewa iko na Mettelsat. Lakini anayejua kwamba usiku maji ya mto Naviundu yalifika hadi kitandani kwa watu ni shefu wa avenyu. Anaandika kwenye daftari, daftari linalala kabatini kwenye ofisi ya kartie (mtaa). Fundi wa ramani ana vipimo bila habari, komini ina habari bila vipimo. Anayeweza kuwakalisha meza moja kila mwezi wa tano, mvua zikiisha kukatika, ni mkoa wa Haut-Katanga. Sisi tunachoona ni msafara wa magari, picha, na magodoro ya kugawa.

*Kaka yangu anaishi North Carolina, eneo la "mafuriko ya miaka 100". Yalimfikia 2018. Basi amepona mpaka 2118?*

Hapana! Mpigie simu leo. Maana yake kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 100, na mwaka ukigeuka hesabu inaanza upya. Kwa miaka 30 nafasi hiyo inafika karibu 26 kati ya 100.

Ila kwake wamefanya kitu cha kuiga. Kimbunga Floyd cha 1999 kiliwaonyesha kwamba ramani zao zimezeeka. Mwaka 2000 jimbo likapatana na FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa: jimbo linapima miinuko, kwa ndege zenye leza, na kuchora, FEMA inakagua na kupitisha. Ndege hatuna, sawa. Kugawana kazi kunataka ndege gani?

*Nitumie ramani ya mafuriko ya Lubumbashi kwa WhatsApp.*

Sitoi. Ukiipata kwa mtu asiyejulikana, rudi usome jibu la kwanza.

*Nitajuaje kama parseli inajaa maji?*

Nenda mwezi wa pili, si mwezi wa nane. Nimechoka na swali hili.

*Kanivo (mfereji) yetu hapa komini ya Kenya, Lubumbashi, imejaa chupa na plastiki. Ramani inahesabu hilo?*

Haihesabu. Mchoraji anaichukua kanivo kama inapitisha maji. Zibueni, na matope msiyaache pembeni kama kawaida yenu. Mvua ya kwanza inayarudisha ndani.

*Maji yameacha alama kwenye ukuta wangu. Ina faida?*

Kubwa. Piga mstari wa rangi kabla alama haijafutika, andika tarehe, pima kutoka chini kwa mita, piga picha mita ikionekana. Andika barua kwa burgumestre, mkuu wa komini, ukitaja avenyu na namba ya parseli. Peleka kopi mbili: moja waweke, ya pili wapige mhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani. Wakikuambia uje kesho kwa mhuri, kaa hapo hapo kwenye benchi.