Maswali ya sheria: Rufaa ya kesi ya mauaji Texas, angalia kalenda kwanza

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa ndugu zetu walioko Texas na zote zinaulizia rufaa ya kesi ya mauaji kwenye mahakama za jimbo, kwa hiyo nimeziweka pamoja.

SWALI: Mdogo wangu wa kiume kapatikana na hatia ya mauaji wiki mbili zilizopita, kapigwa miaka 40. Loya wake alikuwa wa kupewa na korti, na tangu siku ya hukumu hapokei simu. Kuna watu wawili wako tayari kuapa kwamba usiku ule mdogo wangu alikuwa nao, loya alipewa namba zao na hakuwaita. Kila mtu anatuambia tukate rufaa ili hao mashahidi wakasikilizwe korti ya juu. Pesa ya loya mwingine hatuna. Tuanzie wapi?
Dada mtu, Houston

JIBU: Pole sana dada yangu. Anza na kalenda, manake Texas notisi ya kukata rufaa inatakiwa iingie kortini ndani ya siku 30 toka siku jaji aliyotoa adhabu, na nyie wiki mbili zimeshaondoka. Notisi yenyewe ni karatasi moja tu, haihitaji hoja yoyote, inasema fulani anakata rufaa basi, lakini isipoingia kwa wakati huko mbele hata uwe na hoja nzuri namna gani hakuna wa kuisoma. Huyo loya hata kama hapokei simu zenu bado ana wajibu kwa mteja wake mpaka korti imtoe, kwa hiyo mdogo wako aandike yeye mwenyewe, barua moja kwa loya na nyingine kwa karani wa korti iliyomhukumu, aseme anataka kukata rufaa na hana pesa ya wakili. Abaki na nakala.

Kuhusu pesa msikimbilie kuuza gari. Mtu asiye na uwezo anapewa wakili wa bure kwenye rufaa ya kwanza, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua hivyo mwaka 1963 kwenye Douglas v. California, na kabla ya hapo mwaka 1956 kwenye Griffin v. Illinois ilisema maskini asikose rufaa eti kwa sababu hana hela ya kununua maandishi ya kesi. Atajaza fomu ya kiapo kuhusu hali yake ya kifedha, na hapo wanaangalia uwezo wake yeye, sio wa ukoo mzima.

Sasa tuje kwa hao mashahidi wawili, na hapa mmedanganywa. Korti ya rufaa haisikilizi shahidi hata mmoja. Majaji, kwa kawaida watatu, wanasoma kilichoandikwa kwenye kesi ya kwanza, nani alisema nini, jaji aliamua nini, loya alipinga au alikaa kimya, halafu wanasoma hoja za pande mbili. Wakiwaita mawakili waongee (mara nyingi hawawaiti kabisa) ni dakika chache tu za maswali. Swali lao ni kama sheria ilikosewa na kama kosa lile liliweza kubadilisha matokeo. Hata ukisema ushahidi haukutosha, kipimo chao tangu Jackson v. Virginia ya 1979 ni kama kuna juri (wale raia wanaoamua mtu ana hatia au hana) yoyote yenye akili timamu ingeweza kumuona na hatia, wao binafsi wanaamini nini haijalishi. Kwa hiyo barua za kuapa kwamba kijana ni mtu wa dini na hawezi kuua, ambazo najua mtataka kukusanya, hazina pa kukaa.

Mashahidi wenu pa kuwapeleka ni kwa jaji yule yule wa kesi, kupitia ombi la kesi mpya, ambalo nalo lina siku 30 hizo hizo. Likiingia kwa wakati muda wa notisi ya rufaa unasogea mpaka siku 90, lakini mimi ningeingiza vyote viwili mapema nisitegemee kusogezewa. Ila angalieni mnavyolieleza. Mkisema ni ushahidi mpya mtakwama, kwa sababu loya alikuwa anawajua hao watu kabla ya kesi. Mlichonacho ni wakili aliyezembea, na kipimo chake ni Strickland v. Washington ya 1984, mnatakiwa muonyeshe mambo mawili, kazi yake ilikuwa chini ya kiwango na kwamba kama angefanya inavyotakiwa kuna uwezekano wa maana matokeo yangekuwa tofauti. Ombeni jaji asikilize ushahidi, hao wawili wapande kizimbani, na loya wa zamani aulizwe kwa nini hakuwaita. Majibu yake yakishaandikwa yanaingia kwenye kumbukumbu za kesi na hapo korti ya rufaa inakuwa na kitu cha kusoma. Bila hivyo majaji watasema pengine alikuwa na mbinu yake, na kwa kuwa maandishi yako kimya, hoja inaanguka.

Jambo moja naomba mlishike. Msiongelee kesi kwenye simu ya jela. Zinarekodiwa, mwendesha mashtaka anaweza kuzisikiliza, na kesi ikirudiwa maneno ya mdogo wako yanarudi nayo. Dhamana wakati wa rufaa sahauni, Texas mtu aliyefungwa miaka 10 au zaidi haipati.

SWALI: Baba yetu rufaa yake ilikataliwa, na Mahakama ya Rufaa za Jinai ya Texas nayo imegoma kuisikiliza. Mfungwa mwenzake anajua sheria na anataka kumwandikia ombi la habeas mwezi huu huu. Tumruhusu?
Mtoto wa mwisho, Dallas

JIBU: Hapana, sio kwa haraka hiyo. Ombi la habeas la jimbo, yaani la kupinga kifungo baada ya rufaa ya kawaida kuisha, lile la kifungu 11.07 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya Texas, linaanzia kwenye korti iliyomhukumu na linaamuliwa Austin na hiyo hiyo Mahakama ya Rufaa za Jinai. Uzuri wake linabeba vitu ambavyo havikuwa kwenye maandishi ya kesi, kama loya aliyezembea, polisi au mwendesha mashtaka aliyeficha ushahidi wa kumsaidia mshtakiwa (hiyo ni Brady v. Maryland ya 1963, nayo ilikuwa kesi ya mauaji), na tangu 2013 Texas ina kifungu kingine, 11.073, kwa waliofungwa kwa sayansi ambayo baadaye imeonekana haifai. Ubaya wake kwa kawaida unapata ombi moja tu la maana, la pili linafungiwa mlango labda uwe na jambo ambalo usingeweza kulijua mwanzo. Sasa rafiki wa gerezani akijaza fomu kwa alichonacho kichwani leo, na kesho mkapata faili la polisi, mmeshaitumia nafasi.

Lakini msilale pia. Texas yenyewe haikupi siku ya mwisho ya 11.07, ila ukitaka baadaye kwenda mahakama ya shirikisho (ya serikali kuu ya Marekani, sio ya jimbo) sheria ya 1996 inakupa mwaka mmoja, unaoanza hukumu ikishakuwa ya mwisho, yaani kama hamkuomba Mahakama ya Juu ya Marekani iisikilize ni baada ya zile siku 90 za kuomba kupita. Ombi la jimbo likiwa kortini saa inasimama, likikataliwa inaendelea pale ilipoachia, haianzi upya. Familia nyingi zinakaa miezi kumi zinachangishana hela ya loya halafu zinashangaa zimebakiwa na miezi miwili. Ombeni faili lote kwa loya wa kesi na wa rufaa wiki hii, hiyo haihitaji hela nyingi.

SWALI: Korti ikifuta hukumu, mtu anatoka siku hiyo?
Msomaji, San Antonio

JIBU: Mara nyingi hapana. Ikifutwa kwa kosa la sheria kesi inarudi chini na inaweza kuanza upya. Curtis Flowers wa Mississippi alishtakiwa mara sita kwa mauaji yale yale ya watu wanne ya mwaka 1996, hukumu ya kesi ya sita ikafutwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2019 kwa sababu mwendesha mashtaka alikuwa anaondoa watu weusi kwenye juri, 41 kati ya 42 aliokuwa na nafasi ya kuwaondoa kwenye kesi zote sita. Alitoka kwa dhamana Desemba mwaka huo na mashtaka yakafutwa 2020. Ikifutwa kwa sababu ushahidi haukutosha hapo ni tofauti, tangu Burks v. United States ya 1978 hawawezi kumshtaki tena. Na kwa Texas, korti ya rufaa ikifuta hukumu mfungwa ana haki ya dhamana hata kama mwendesha mashtaka anapeleka suala Mahakama ya Rufaa za Jinai kule Austin, kwa hiyo loya aombe siku hiyo hiyo, asisubiri kuulizwa.