Je, tuzime mtambo wa FM tubaki mtandaoni?

SWALI: Mhandisi, salamu. Mimi ni fundi mitambo katika redio ndogo ya jamii. Tunarusha matangazo kwa FM, mtambo ni wa kilowati 1 na antena iko mita 60 kutoka ardhini. Miaka michache iliyopita tuliongeza matangazo ya mtandaoni. Sasa bodi inataka tuzime FM ili tuokoe umeme na ada ya masafa. Hoja yao ni kwamba mtandaoni kaunta inaonyesha wasikilizaji 200 hivi kwa wakati mmoja, ilhali FM "haina ushahidi wa hata msikilizaji mmoja". Je, kitaalamu wako sahihi? Na kuna njia ya kuwahesabu wa FM? Swali dogo la mwisho: kwa nini simu nyingi mpya hazina redio?

JIBU: Ndugu fundi, bodi yenu imekosea mahali pamoja tu, lakini hapo ndipo hoja nzima iliposimama: imedhani asiyehesabika hayupo. Seva, yaani kompyuta inayogawa matangazo ya mtandaoni, haina budi kumjua kila msikilizaji, kwa kuwa kila mmoja hufungua njia yake hadi kwenye seva na kupelekewa nakala yake ya sauti. Mtambo wa FM haumjui mtu. Unamwaga mawimbi, na redio inayoyanasa hairudishi chochote. Wasikilizaji wawe 5 au 50,000, mita za mtambo zitasoma vilevile na bili ya umeme itakuwa ileile.

Gharama zinaachana papo hapo. Chukua matangazo ya mtandaoni ya kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango kinachofaa kwa mazungumzo na muziki wa kawaida. Wasikilizaji 200 wanahitaji megabiti 12.8 kwa sekunde, mzigo ambao seva ya kawaida inaubeba. Siku ya uchaguzi au mafuriko wakafika 10,000, mtahitaji megabiti 640 kwa sekunde, na siku hiyo haipigi hodi. Upande wa msikilizaji, saa moja inakula karibu megabaiti 29 za bando lake. Akisikiliza saa 3 kila siku, mwezi unaisha na gigabaiti 2.6 zimekwenda. Yule anayewasha redio alfajiri na kuizima anapolala hatawafuata huko mtandaoni, hata awapende vipi.

Tazama sasa eneo mnalolifikia. Mawimbi ya FM, yaliyo kati ya megahezi 87.5 na 108, husafiri karibu kama mwanga: yakikutana na upeo wa macho au mlima, hudhoofika haraka. Kwa makadirio, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa redio inayopokea, kisha zidisha jumla kwa 4.12. Antena ya mita 60 na redio iliyo mita 2 juu ya ardhi zinakupa kilomita 38 hivi kwenye ardhi tambarare. Hata tukibana na kusema mnasikika vizuri ndani ya kilomita 30 tu, hizo ni zaidi ya kilomita za mraba 2,800. Je, katika eneo hilo wanaishi watu wangapi? Bodi ilipaswa kuanza na swali hilo kabla ya kufungua kaunta.

Kuna pia suala la umeme kukatika. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico Septemba 2017, zaidi ya asilimia 95 ya minara ya simu ilinyamaza, na kwa siku kadhaa redio chache zilizobaki hewani kwa jenereta ndizo zilizopeleka habari. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulizimika karibu Hispania na Ureno nzima. Watu wenye simu za kisasa kabisa walitoka kutafuta redio za betri. Mnara wa simu huwa na betri za muda mfupi, na huhitaji minara mingine na nyaya zifanye kazi ndipo nao ufae. Ninyi mnahitaji studio, mtambo mmoja na jenereta yenye mafuta. (Kama jenereta yenu haijawashwa tangu mwaka jana, acha kusoma hapa ukaiwashe kwanza.)

Wako watakaokuambia kwamba Norway ilizima FM. Ni kweli, vituo vya kitaifa vilihama mwaka 2017. Ila havikuhamia intaneti: vilihamia DAB, yaani redio ya kidijitali, ambayo nayo ni mnara unaorusha matangazo kwa wote bila kumhesabu yeyote, na redio nyingi ndogo za maeneo ziliruhusiwa kubaki FM. Nchi tajiri yenye intaneti nzuri kama ile, na bado haikuthubutu kuachana na mnara.

Tuje kwenye kuhesabu, maana bodi haitatosheka na hoja tupu. Kwanza ipunguzieni kaunta heshima kidogo. Inahesabu miunganisho, si watu. Spika moja ukumbini yenye watu 15 ni muunganisho 1. Simu iliyokatika na kurudi mara 6 inaweza kuandikwa mara 6 katika jumla ya siku. Hata zile programu zinazokagua kama matangazo yako hewani huingia kwenye hesabu. Namba ya kuaminika zaidi ni wastani wa waliounganishwa kwa wakati mmoja. Hiyo 200 mnayoitaja, hakikisheni ni wastani na si kilele cha kipindi kimoja.

Kwa FM, fani hii imekuwa ikihesabu kwa sampuli tangu zamani: shajara anazojaza msikilizaji kwa wiki nzima, mahojiano ya "jana ulisikiliza nini", au vifaa vidogo vinavyovaliwa na kunasa alama isiyosikika iliyofichwa ndani ya sauti ya kituo. Vifaa ni ghali, viacheni. Mahojiano ya jana mnayaweza. Watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanatoa jibu lenye kosa la asilimia 5 hivi juu au chini, na idadi hiyo inatosha eneo likiwa na watu 40,000 au 400,000. Neno zito hapo ni bahati nasibu. Mkiuliza kwenye ukurasa wenu wa mtandaoni mtawapata wa mtandaoni. Mkipiga simu mtawakosa wasio na simu, nao huenda ndio wenye redio. Pitieni nyumba, mfano kila ya kumi, na mhoji atakayewaangukia kwa kura, si lazima aliyefungua mlango.

Msiulize "je, unatusikiliza?" Watu wana adabu, watasema ndiyo. Mpitishe mhojiwa katika siku yake ya jana, robo saa kwa robo saa, naye ataje mwenyewe alisikiliza kituo gani, wapi na kwa kifaa gani. Kawaida ni kumhesabu aliyesikiliza angalau dakika 5 ndani ya robo saa. Mtapata vitu viwili: asilimia ya wakazi waliowasikia jana, na wastani wa wasikilizaji katika kila robo saa. Hicho cha pili ndicho kinacholingana na ile 200 ya bodi. Wekeni namba hizo mbili mezani, na kila moja izungumze.

Kipo na kidokezo cha haraka kisichogharimu kitu. FM ya analogia humfikia msikilizaji papo hapo, wakati ya mtandaoni huchelewa, mara nyingi sekunde 15 hadi 40. Mtangazaji aulize swali jepesi hewani na kuwaomba watu wapige. Simu zitakazoingia kabla ya ucheleweshaji wenu kupita haziwezi kuwa za mtandaoni. Upimeni kwa kushika redio mkono mmoja na simu mkono wa pili. Si takwimu, lakini mjumbe wa bodi akiketi studio akaziona zile laini zikiwaka, atakaa kimya kidogo. Ndiyo sababu pia wasikilizaji wenu wa mtandaoni hulalamika kwamba hawashindi zawadi kamwe!

Umeme unaokolewa bila kuzima kitu. Kapime nguvu inayorudi kutoka kwenye antena: SWR (kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudi) ikifika 2, asilimia 11 inarudi mtamboni na kuuchosha. Kagua maji kwenye kebo na viungio. Upotevu wa desibeli 1 tu unameza moja ya tano ya nguvu yako. Kama antena ni ya ngazi 2 (vipande viwili vya kurushia, kimoja juu ya kingine), kuifanya ya ngazi 4 huongeza nguvu inayoelekea upeoni karibu mara mbili, hivyo mnaweza kushusha mtambo hadi karibu nusu na kusikika vilevile. Mtambo wa zamani unaotumia taa za vali badala ya transista nao ni mlafi. Ya transista ya kisasa hugeuza zaidi ya asilimia 70 ya umeme kuwa mawimbi.

Upo wakati ningekubaliana na bodi: mtambo umekufa, fedha za mwingine hazipo, na uchunguzi umeonyesha wasikilizaji wenu wengi wako ughaibuni au husikiliza vipindi vilivyorekodiwa. Hao mtandao unawahudumia vizuri kuliko mnara wowote. Ila hilo lijulikane baada ya kupima.

Na simu? Redio ya FM ndani ya simu ilikuwa ikitumia waya wa hedifoni kama antena, kwa sababu wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi na simu yenyewe ni fupi mno kulinasa vizuri. Watengenezaji walipoondoa tundu la hedifoni, antena iliondoka nalo. Katika baadhi ya simu chipu bado ina uwezo wa FM, lakini mtengenezaji hakuiunganisha, na hakuna programu ya kupakua itakayoiamsha. Ukiona tangazo la programu ya "FM bila intaneti" kwa simu ya namna hiyo, usiipakue.