Matangazo yote ni ya muda kamili: niombeje kazi ya siku chache?

Swali: Mimi ni muuguzi, nina uzoefu wa miaka minane wodini. Sasa namuuguza mama yangu nyumbani na siwezi kufanya kazi zaidi ya siku tatu kwa wiki. Kila tangazo la kazi ninaloliona linataka mtu wa muda kamili. Niombe tu, halafu nieleze hali yangu nikishapata kazi? Au nisijisumbue?

Jibu: Pole kwa kuuguza. Omba, lakini usifiche. Mkuu wa wodi akijua hali yako baada ya kukupangia zamu za mwezi mzima, atajiona amedanganywa, na wewe utaanza kazi ukiwa umepoteza imani yake.

Tangazo husema "muda kamili" kwa sababu nafasi imeidhinishwa nzima kwenye bajeti, na mara nyingi ofisi ya utumishi hurudia maneno ya tangazo lililopita. Mwenye shida hasa ni mkuu wa wodi, anayekaa na ratiba ya zamu yenye mapengo. Na mapengo hayo hayafanani. Asubuhi za katikati ya wiki hupata watu. Usiku na wikendi ndizo zinazomsumbua. Kwa hiyo tafuta tangazo linalorudiwa kila baada ya wiki chache, kisha umpigie mkuu wa wodi kabla hujajaza fomu.

Usimwulize, "Mnaajiri watu wa siku chache?" Ni rahisi mno kujibu hapana. Sema hivi: "Nimeona nafasi yenu. Ninaweza kushika zamu mbili za usiku kila wiki, Ijumaa na Jumamosi, bila kukosa. Je, hilo lingewasaidia?" Pale wiki ya kazi inapohesabiwa saa 40, zamu mbili za saa 12 ni saa 24, yaani asilimia 60 ya nafasi. Zinabaki saa 16 za kutafutiwa mtu, na hilo ni jambo la kuzungumzika. Ila taja usiku ikiwa tu yupo wa kulala na mama. Ahadi ya zamu usiyoweza kuitimiza itakuharibia kuliko kukosa kazi.

Atakuwa na hofu mbili, nazo ni za haki. Kwanza, mgonjwa: kidonda ulichokifunga Jumamosi nani atakifuatilia Jumanne? Mweleze unavyoandika kumbukumbu na unavyokabidhi zamu. Pili, gharama: mafunzo ya kuanza kazi, ya kudhibiti maambukizi na ya kuokoa maisha humhitaji mtu wa siku mbili sawasawa na wa siku tano. Hapo miaka yako minane ndiyo hoja, kwa kuwa hutahitaji kushikwa mkono kwa muda mrefu.

Kama unamjua muuguzi mwenzako anayetaka saa chache pia, ombeni pamoja nafasi moja, mkiwa tayari na ratiba mliyoigawana. Binafsi naiona hii ndiyo njia yenye nguvu zaidi, maana mwajiri anapata nafasi nzima iliyojazwa. Orodha ya wauguzi wa akiba wanaoitwa zamu zikikosa watu nayo hufungua mlango, lakini haikuhakikishii saa zozote, hivyo usiitegemee kwa kodi ya nyumba. Ushauri wa kuanza muda kamili kisha kuomba kupunguziwa haukufai wewe, kwa sababu mama anakuhitaji sasa.

Wakikubali, soma mkataba polepole. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 175 wa mwaka 1994 unataka mshahara wa msingi wa mfanyakazi wa saa chache, ukihesabiwa kwa saa, usiwe chini ya wa mwenzake wa muda kamili kwa sababu tu ya saa zake. Unazibana nchi zilizouridhia, kwa hiyo angalia pia sheria ya kazi ya kwenu. Uliza malipo ya saa za ziada yanaanzia wapi: baada ya saa 24 zako, au baada ya 40? Uliza pia baraza la wauguzi kama leseni yako inadai saa fulani za kazi kwa mwaka.

Na siku zako ziandikwe kwa majina. Mkataba unaosema "siku tatu kwa wiki" bila kuzitaja unaruhusu ratiba kukuhamisha kila mwezi, na wewe una mtu wa kumpangia dawa na chakula nyumbani.