Jibu: Mwenzangu ananiacha katika mbio za wawili dhidi ya saa

Habari za jioni, ndugu. Umeeleza kwamba katika mbio zenu za baiskeli za Machi huko Uingereza, maili 25 (kama kilomita 40), mwenzako alikuwa akikuacha kila alipopokea zamu ya mbele (ya kukata upepo huku mwingine akijikinga nyuma yake), hasa mlipotoka kwenye kipilefti cha kugeuzia.

Anzeni kwa kukagua namna anavyopokea zamu. Mwenzangu nami tulipata shida hiyo hiyo: mimi nilikuwa nimetoka kukata upepo, pumzi zimeniishia, naye akiuona uwazi mbele yake anakanyaga pedali kwa nguvu, wakati mimi ndio kwanza natafuta gurudumu lake la nyuma. Tulikubaliana asiongeze mwendo hata kidogo mpaka nimwambie "nipo". Mwenye nguvu akae mbele muda mrefu zaidi, wala si kwa kasi zaidi. Zamu zangu zilikuwa sekunde 20, zake dakika nzima. Kumbukeni kwamba muda unaohesabiwa ni wa yule anayevuka mstari wa pili, kwa hiyo kukuacha hakumfaidii lolote.

Pale kwenye kipilefti, wewe ingia ukiwa mbele, ili mwendo wa kutokea uuamue wewe.

Vilevile msijipime kwa kasi ya Julai, ambayo huko ni majira ya joto, kwani hewa ya baridi ya Machi ni nzito na nguvu ile ile hukupeleka polepole zaidi. Na kabla ya kupisha tazama nyuma. Barabara haijafungwa, malori yanapita.