Kabla Hujaripoti Halmashauri: Kwa Msanifu Majengo Kijana

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza Chuo Kikuu Ardhi ameniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nimepangiwa halmashauri, nafasi ya msanifu majengo. Wenzangu wananiambia naenda kuozea huko, kwamba serikalini ramani zinatoka juu, sisi kazi yetu kugonga muhuri. Niende?"

Nilimwandikia mistari miwili nikaifuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Swali lake limegusa mahali ambapo bado panauma, na najua hayuko peke yake anayejiuliza. Kwa hiyo namjibu hapa, nanyi wengine mnaosubiri barua za ajira msikie.

Marahaba, mdogo wangu. Nenda.

Mimi nilitoka chuoni kichwa kimejaa maghorofa. Nilifanya miaka miwili ofisi binafsi Dar es Salaam nikichora nyumba za kupangisha usiku na mchana, nikaweka kumbukumbu za mafunzo yangu, nikafanya mtihani wa Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, nikafaulu. Siku nilipopata namba yangu ya usajili nilimpigia simu mama, nikalia. Baada ya hapo ikaja ajira ya serikali, nikapangiwa halmashauri moja pwani ya kusini. Meza nilipewa, kompyuta sikupewa. Saiti kila mtu aliniita Injinia. Miaka ya mwanzo sina cha kuwasimulia: nilikagua ramani za vibali vya ujenzi, nikakadiria ukarabati wa vyoo vya shule, nikasubiri gari.

Wenzako hawajakudanganya. Ramani nyingi zinatoka juu kweli. Madarasa, zahanati, vituo vya afya, vyote vina ramani ya mfano kutoka TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri zote, na sababu ipo. Mwaka 2021 ulipokuja mkopo wa Uviko wa shilingi trilioni 1.3, nchi ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, kila darasa kwa shilingi milioni 20. Ungesema kila darasa lichorwe upya, watoto wangekuwa wanasubiri mpaka leo. Mimi siipingi ramani ya mfano.

Lakini ramani hiyohiyo inakwenda Makete ambako watu wanaota moto Julai, na inakuja huku kwetu ambako shati linaloa saa tatu asubuhi. Karatasi haijui inakwenda wapi. Upepo wa kaskazi unatoka upande gani, ule wa kusi unapiga wapi, maji ya masika yanapita wapi, hayo yanajulikana na yule anayelilaza jengo kwenye kiwanja. Huyo ni wewe. Hiyo ndiyo kazi, na mimi niliifanya vibaya mara ya kwanza. Nataka uijue habari hiyo yote.

Mwaka 2018 tulipata fedha za kujenga kituo cha afya. Kiwanja kizuri, barabara imepita upande wa magharibi. Kwa nchi yetu, iliyo chini kidogo ya ikweta, jengo refu unalilaza mashariki kwenda magharibi: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua. Nilipima, nikaweka mambo, vile vigingi vya kuonyesha kuta zitakapokaa. Siku ya pili kiongozi mmoja akafika, akatazama, akasema wodi ya wazazi igeuzwe itazame barabara ili ionekane na wageni wanaopita. Kamati ya ujenzi ikatikisa kichwa kukubali. Aliyekuwa juu yangu kazini akaniambia pembeni, "Dada, usilete ubishi, Juni 30 inakuja, mwaka wa fedha unaisha, fedha zitarudi." Nikanyamaza. Mambo zikang'olewa, zikapigwa upya, ukuta wa madirisha kumi ukatazama machweo.

Mwaka uliofuata nilirudi pale kukagua nyufa. Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa Novemba. Wodi ilikuwa tanuru. Madirisha yote ya magharibi yalikuwa yamefungwa khanga, na kwa sababu yamefungwa khanga hata upepo ulikuwa hauingii. Wazazi wawili walikuwa wamelala kwenye korido sakafuni. Mmoja alikuwa anampepea mtoto wa siku moja kwa kadi ya kliniki. Muuguzi aliyekuwa zamu hakujua mimi ni nani. Akasema, huku anajipangusa shingo, "Aliyepanga jengo hili hajawahi kulazwa."

Sikumjibu. Nilimaliza kupima nyufa, nikaingia kwenye gari. Nimejifungua mara mbili, mara zote hospitali za serikali. Nimelazwa.

Maneno yale nimekaa nayo mpaka leo. Nilikuwa na ujuzi, nilikuwa na usajili, nilikuwa na haki ya kusema, nikaogopa kuitwa mbishi. Aliyeligeuza jengo alihamishwa, aliyenikataza ubishi alistaafu, jengo limebaki na wazazi ndani. Kijana wangu, mkubwa atakuja na kuondoka, jengo la umma linakaa miaka 50. Ukinyamaza siku moja, mtu anaungua miaka 50. Lishike hilo.

Kituo cha pili kilikuja 2022, kata nyingine, na kwa bahati mbaya barabara tena upande wa magharibi. Safari hii sikwenda na hotuba. Niliwaomba kamati nzima tukutane kiwanjani saa tisa alasiri, kwenye jua lenyewe. Nikasimamisha fimbo pale ambapo ukuta wa wodi ungekaa kama tungelitazamisha jengo barabarani. Nikawaambia, kina mama wa kamati, simameni nyuma ya fimbo mtazame barabara. Dakika tano hazikufika wakaanza kuvuta mitandio usoni. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, akainuka na kusema kitu ambacho mimi sikuwa nimekifikisha vizuri hivyo kwa miaka yote: kusi linatoka huku, kaskazi inatoka kule, nyumba isiyofunguka pande hizo mbili haina pumzi. Akauliza kwa nini tunawanyima wagonjwa upepo ambao wavuvi wanaupata bure. Mjadala ukaishia pale. Jengo likalala lilivyotakiwa kulala, na upande wa barabara tukajenga baraza la kungojea, lililo wazi, watu wa nje waone na wa ndani wapumue.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: nenda saiti. Nenda kabla ya mambo, nenda saa ambayo jua ni kali, nenda mvua ikinyesha uone maji yanakusanyika wapi. Wapeleke na wenye jengo. Watu wetu wanajua hali ya hewa ya kwao kuliko kitabu chochote tulichofundishwa.

Palepale fundi alinijengea rampu, ile njia ya mteremko ya kupandishia viti mwendo. Sakafu ilikuwa imenyanyuka sentimita 60 kutoka ardhini, na rampu inayofaa inapanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12, maana yake ilitakiwa mita 7 na kidogo. Yeye alijenga mita mbili na nusu. Akaniambia, "Injinia, mbona inapandika." Nikaomba kiti mwendo kutoka zahanati ya jirani, nikamkalisha fundi mkuu, nikamwambia ajisukume mwenyewe mpaka mlangoni. Alifika katikati, kiti kikarudi nyuma, wenzake wakamdaka. Alishuka kimya, akachukua nyundo akaanza kubomoa mwenyewe. Yule fundi sasa ndiye anayewasahihisha wengine. Nenda saiti, nasema tena. Rampu mbovu haionekani ukiwa ofisini.

La pili: andika. Jifunze kuandika dokezo kama ulivyojifunza kuchora. Nilipolilaza jengo la kituo cha pili nilimwandikia Mkurugenzi dokezo la ukurasa mmoja, sababu tatu, mchoro mdogo, gharama haziongezeki. Akaidhinisha, likaingia kwenye jalada. Wakaguzi walipofika na kuuliza kwa nini jengo haliko kama mchoro wa eneo uliotumwa, nilifungua jalada. Ile ya 2018 ningeulizwa nisingekuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba nilisema. Na ukweli ni kwamba sikusema. Siku hizi hata ninaposhindwa, nashindwa kwa maandishi. Fosi akaunti, yaani halmashauri inapojenga yenyewe kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, ina kamati zake, ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi, na kila kamati ina wanaojua na wanaobahatisha. Andika ulichoshauri, weka tarehe, peleka masijala. Andika.

Kuhusu fedha sitakuficha. Mshahara utakuwa mdogo kuliko wa wenzako waliobaki Dar, na utaona picha zao na magari yao. Na watakufuata watu na ramani walizochora wenyewe, wanataka muhuri wako tu, wanaweka bahasha mezani. Jengo likianguka, muhuri ni wako. Usigonge. Sina maelezo marefu hapo. Usigonge.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma zaidi, ambalo wenzako hawakukuambia. Kituo kile cha pili kilifunguliwa kwa shangwe. Ngoma, maturubai, wageni wengi. Nilikaa safu ya nyuma na mafundi. Kwenye jiwe la ufunguzi kuna jina la mgeni rasmi, kuna tarehe, kuna kiasi cha fedha. Katika risala alishukuriwa kila mtu hadi aliyetoa maji ya kumwagilia zege. Msanifu hakutajwa. Nilirudi nyumbani nikakaa gizani muda mrefu, mume wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Nilichofanya wiki ile nilipokwenda Dar ni kupita Kariakoo kulitazama soko. Lilikuwa limefungwa tangu lilipoungua Julai 2021, ukarabati unaendelea, lakini ile miavuli mikubwa ya zege ilikuwa bado imesimama. Soko lile lilifunguliwa 1975. Alilichora Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuwa wasanifu majengo, aliyesoma Haifa, Israeli, akarudi kufungua ofisi yake nyumbani. Aliangalia watu wa hapa wanavyofanya biashara, chini ya kivuli, hewa inapita, akawajengea kivuli cha zege. Wamama wangapi wameuza nyanya pale bila kulijua jina lake? Nilimuuliza kijana mmoja wa mkokoteni nani alichora soko hili. Akasema, "Si serikali?"

Nilisimama pale nikajiambia, basi na mimi ni serikali. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa na Wajerumani mwaka 1897, na mpaka leo ukipita unaona varanda zake zinavyokinga kuta. Aliyezichora alijua jua la Dar. Mgonjwa anayepumzika hapo anamfahamu kwa kivuli chake. Nataka vijana wetu tuache kulilia majina kwenye mawe. Nchi hii haiwezi kujengwa na watu wanaotaka kupigwa picha. Dodoma pale Mtumba majengo ya wizara yameota, wilaya mpya zinahitaji ofisi, shule zinahitaji madarasa, na tukikimbilia wote kuchora nyumba za matajiri, wodi za wazazi zitaendelea kutazama magharibi. Naandika hili kwa uchungu. Mimi mwenyewe ningetaka jina langu liwe pale kwenye jiwe, na sitajifanya sikutaka.

Umeniuliza pia kwenye ujumbe wa pili kama utapata nafasi ya kubuni. Utaipata kidogo kidogo: baraza hapa, urefu wa dari pale, choo cha wasichana kilichoelekezwa mlango usionekane na uwanja wa mpira. Chukua hizo. Ukiripoti, mwezi wa kwanza omba orodha ya majengo yote ya halmashauri ya miaka kumi iliyopita uyatembelee, ukiwa umebeba futi, dira na daftari. Waulize wauguzi na walimu. Usimuulize mkuu wa idara peke yake.

Na ile wodi ya 2018, maana najua utauliza. Nimeiombea marekebisho kwenye bajeti miaka minne mfululizo, nikakatwa miaka minne. Mwaka huu imepita. Tunaongeza varanda ya mita 2 upande wa magharibi, na kwa sababu jua la alasiri linapenya chini ya bati, mbele ya nguzo kunapanda ukuta wa tofali za matundu. Miarobaini nimeshaipanda, iko usawa wa magoti. Mafundi wanaanza kuchimba mashimo ya nguzo Jumatatu. Ukiwa hujaripoti, njoo uone.